Mama Yuko Kazini

Kitengela,
9 Februari 1997

Kwa Mwalimu Bedan Wachira,

Umehamishwa Kajiado na mimi nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani huko wizarani, kwa hiyo ninakukasirikia wewe. Jumamosi kiti chako kilikaa wazi. Irungu alitaka kukikalia, nikamwambia kiti cha katibu si cha muuza nyama, hata kama muuza nyama anaandika vizuri. Alicheka. Halafu akatusomea sura yake mpya, ambayo ilikuwa nzuri sana, nami nikamwambia ni mbaya ili aandike nyingine.

Wewe bado ni katibu wa kikao chetu cha waandishi. Kajiado si Ulaya. Kwa hiyo ninakukumbusha kazi yako.

Kwanza, sheria yetu ibaki ilivyo. Lugha ya nyumbani inaachwa kwenye geti, ndani ni Kiswahili tu. Tuliipitisha mwaka ule wa tisini na mbili, watu walipoanza kuulizana majina kabla ya salamu ili wajue kabila la mtu, na mimi nilikuwa wa kwanza kuacha Kiholanzi changu pale nje. Nimeandika vitabu vinne kwa lugha hiyo, na miaka yote hii hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza neno lake moja. Ninyi ni watiifu kupita kiasi.

Pili, mnajua mimi hutunga kwa mdomo kabla ya kushika karatasi. Kitabu hutoka kwa Kiholanzi, nami hutembea verandani nikiongea peke yangu. Wakati huo mtu asinisemeshe. Irungu alinisalimia siku moja nikiwa kazini na ukurasa mzima ukapotea, nikamnunia Jumamosi mbili. Ninahisi kitabu kingine kinakuja, nadhani cha mwisho. Mkiniona natembea na kuongea, niacheni.

Tatu ni jambo zito. Mpwa wangu Margriet anataka nirudi Uholanzi. Anasema nimezeeka. Ni kweli, juzi nilishika kijiko mkononi nikakosa jina lake katika lugha zote ninazozijua, na nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu. Usimwambie. Niahidi, wewe na Kaveke, kwamba sitatolewa hapa. Kaveke ameshaniahidi, si yuko hapa nyumba ya nyuma na binti yake, ananitunza na kunisomea mashairi yake huku akiunguza maharagwe. Nataka kuzikwa upande wa ua wa jirani yetu Metito, ng'ombe wake wapite juu yangu asubuhi na jioni. Niandikie kwamba umekubali.

Wako,
Hendrika Wiersma
(Mama Rika)


Kitengela,
20 Julai 1997

Baba Wanjira,

Habari ya huko Kajiado kwa vumbi, Mwalimu? Metito anakuja mnadani na mbuzi zake, nimempatia hii barua aifiche mbali na ile chupa yake ya tumbaku. Ikifika ikinuka, usinilaumu mimi.

Sasa kaa chini. Mama ameanza kazi.

Haki nakwambia, nimekaa jikoni nikalia. Tumemngoja huyu mama kwa muda gani? Na sasa anatembea verandani, mikono nyuma, huko na huku, na Kiholanzi kinatoka kama maji ya mfereji ulioachwa wazi. Nzula wangu alipotoka shule alitaka kumsalimia, nikamvuta sikio. Chai naiweka kwa ukuta wa veranda, naenda zangu. Mwanamke wa maziwa akija namwonyesha kidole kwa mdomo, ananijibu kwa kunong'ona, "Mama yuko kazini?" Mtaa wote unajua.

Kitu kimoja tu. Zamani alikuwa anafanya kazi mpaka saa ya chakula, halafu anakuja jikoni kulalamika kuhusu ugali wangu kwa Kiswahili safi kuliko changu. Siku hizi anaendelea mpaka jioni. Hata akila anatunga. Hiki kitabu ni kikubwa, Mwalimu, hiki si cha mchezo.

Jumamosi tulikaa sebuleni tukiongea chini chini. Irungu akasema ni kama tumekuja matanga. Halafu Mama akaja akasimama mlangoni, akatuangalia mmoja mmoja, akasema maneno yake, ya mwisho yakapanda juu kama swali. Sisi wote tukainamisha vichwa kama watoto wa shule waliosahau hesabu za nyumbani. Akangoja kidogo, akarudi verandani. Irungu akasema, "Hata sisi tumeingia kitabuni." Tulicheka kimyakimya mpaka mwenzetu Caro akashindwa kujizuia, akatoka nje.

Salimia Mama Wanjira.

Mimi,
Kaveke


Kajiado,
3 Agosti 1997

Kwako Mama Nzula,

Barua yako imenikuta nikiwa zamu ya bwenini, nikaisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimeketi. Mungu ni mwema. Nilidhani tumechelewa. Nilidhani kile kijiko alichokuwa ameniandikia kilikuwa mwanzo wa mambo mabaya, na kumbe akili ilikuwa inajifungia mlango ili ifanye kazi.

Naomba tukubaliane haya. Kikao kisimame kwa muda. Irungu atanung'unika, lakini mwambie ni agizo la katibu. Redio isifunguliwe. Nzula apitie mlango wa nyuma. Mtu yeyote asimjibu Mama akiwa kazini, hata akionekana kama anamsemesha mtu, maana wewe na mimi tunajua kwamba msanii huona wahusika wake mbele yake mchana kweupe.

Mwenyewe sitakuja kwanza. Zamu za wikendi zimenibana, na tena unanijua, nikifika hapo getini tu nitaanza kuongea na sitanyamaza mpaka kesho. Nimemdokezea rafiki yangu wa Nairobi anayefanya kazi na wachapishaji. Aliacha kalamu mezani akaniangalia. Alisema kitabu cha mwisho cha mwandishi kama huyo, kilichotungwa Kitengela, katikati ya watu kama sisi, kitasomwa. Fikiria hilo, dada. Jina la kikao chetu ndani ya kitabu.

Tumtunzie ukimya wake. Ndiyo zawadi pekee tuliyo nayo.

Ndimi,
Bedan Wachira


Kitengela,
23 Novemba 1997

Baba Wanjira,

Hii mvua itatumaliza. Udongo mweusi umekula kiatu cha Irungu mbele ya bucha yake mwenyewe, na mpaka leo hakijapatikana. Choo cha jirani kimezama. Sisi tuko sawa, veranda iko juu kidogo.

Kikao hakuna, kama ulivyosema. Nyumba imetulia mpaka mimi mwenyewe nikiangusha sufuria nashtuka. Mama anaendelea. Lakini niko na swali, na usinicheke. Zamani jioni alikuwa anakaa kwa ile taipureta yake kuukuu anapiga yale ya mchana. Sasa imefunikwa na kitambaa, sijaisikia tangu Agosti. Na siku hizi hatembei tu. Ananifuata jikoni. Anasimama karibu na mimi, ananiangalia usoni kabisa, anaongea polepole, anarudia. Juzi alinishika mkono hapa kwa kifundo, akanishikilia. Mwalimu, nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu. Halafu nikakumbuka vile alivyomfanyia Irungu, nikakumbuka na wewe, nikainama nikaendelea kukata sukuma wiki. Aliniachilia pole pole. Niambie wewe uliyesoma, mtu akitunga huwa anashika watu mikono?

Tena kuna Metito. Mvua ikikatika anapita na ng'ombe zake, anasimama pale uani na fimbo yake, anamsalimia, "Takwenya, yieyo," yaani hujambo mama. Mama anaacha kila kitu anamwendea. Yeye anaongea Kimaasai, Mama anaongea Kiholanzi, na wanasimama hapo mpaka ng'ombe ziko mbali. Hakuna anayemwelewa mwenzake hata kidogo. Lakini wanacheka! Nilimwendea nikamwambia Mama yuko kazini, akaniambia hata yeye yuko kazini. Nifanye nini na mzee kama huyo?

Mimi,
Kaveke


Kajiado,
14 Desemba 1997

Mama Nzula,

Nakujibu swali lako bila kukucheka. Ndiyo, mtu akitunga hushika watu mikono. Mimi nilipokuwa naandika ile riwaya yangu niliwahi kumtikisa Mama Wanjira bega nikimwita jina la mhusika, naye akatishia kurudi kwao Kiserian. Ulifanya vyema kunyamaza. Ningekuwa mimi, nisingekuwa na nguvu hiyo.

Kuhusu kupiga chapa, kitabu kikubwa hukomaa kinywani kwanza.

Lakini Metito lazima azungumziwe. Kwa heshima, maana ni mzee na ni jirani, lakini azungumziwe. Maneno yanayomwagwa pale uani hayatarudi kitabuni. Mwombe apitishe mifugo yake upande wa pili mpaka Mama amalize. Mwambie ni ombi langu mimi katibu.

Huku uchaguzi umetuharibu. Walimu wenzangu, watu tunaokula nao sahani moja, wamekaa wakihesabu ni nani ni wa wapi. Jana mmoja aliniuliza kama naona nyumbani kwangu ni hapa kweli. Nilimjibu kwa upole, kisha nikaingia chooni nikasimama humo mpaka hasira ikashuka. Ndipo nikakumbuka veranda yenu. Kitabu hicho kikitoka nitakiweka mezani mwa watu hawa, niwaonyeshe kwamba Mkamba, Mkikuyu, Mmaasai na Mzungu walikaa nyumba moja na wakaelewana. Nakihitaji, Kaveke. Sisemi kwa ajili ya jina langu tu.

Krismasi njema kwako na kwa binti.

Bedan


Kitengela,
8 Machi 1998

Baba Wanjira,

Barabara imefunguliwa, kwa hiyo hii utaipata haraka. Kaa peke yako uisome.

Metito nilimwambia. Akasema, "Sawa, mwenye nyumba ni wewe." Hajapita tena upande huu. Mama alikuwa anaenda pale uani kila asubuhi anasimama, ameshika ule waya wa ua. Nikaona miguu yake inavimba, nikampelekea kiti ili atunge akiwa amekaa. Huwa anakaa hapo akiangalia kule.

Kuna mambo sikuandika. Tangu Krismasi hajasema neno la Kiswahili. Wala Kiingereza. Jina langu hataji. Mwezi uliopita alitoka geti na nguo ya kulala asubuhi na mapema, akafika mpaka barabara ya Namanga, anasimamisha watu anawauliza kitu. Caro ndiye alimrudisha. Caro akaniambia watu walikuwa wanampita tu, wengine wanacheka, na yeye anawaongelesha kwa adabu, mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia Caro anyamaze.

Margriet ameandika anauliza kwa nini shangazi yake hajibu barua. Nikamjibu mimi, kwamba tuko salama, Mama yuko kazini. Sikudanganya, sivyo? Nikimwambia hii ya barabarani, kesho iko gari hapa, na Mama anabebwa kama fanicha. Na tulimwahidi. Mimi nilimwahidi uso kwa uso, Mwalimu, akanishika masikio yote mawili akaniambia niseme tena. Hiyo ndiyo kitu moja alituomba.

Basi tufanye hivi. Kama hawezi kuandika mwenyewe, tutafute mtu wa kumwandikia. Huko Kajiado hakuna mtu anajua Kiholanzi? Aje akae na yeye verandani, aandike yale anasema, kabla hayajaisha. Nimechoka kusikia kitabu kila siku na sijui hata kinahusu nini.

Kaveke


Kajiado,
19 Aprili 1998

Mama Nzula,

Amepatikana! Kwenye nyumba ya masista hapa mjini yuko Sista Godelieve, mzee, aliyezaliwa kulekule kwa kina Mama na kuhudumu zahanati za huku tangu mimi nikiwa sijui kuvaa kaptula. Nilimweleza yote kuhusu kitabu. Alinisikiliza, kisha akauliza kama Mama anakula vizuri. Nikamwambia anakula. Atakuja Jumamosi ya tarehe tisa Mei na gari la misheni.

Nimenunua daftari na penseli, nimempa yeye. Wewe andaa viti viwili verandani na chai ya kutosha, kisha kaa mbali. Akishaandika sura mbili tatu, nitazipeleka Nairobi mwenyewe. Rafiki yangu ameuliza tena.

Yale ya barabarani yabaki kati yetu. Wazee hutembea. Babangu alikuwa akitoka Kware hadi sokoni Rongai kwa miguu bila kumwambia mtu, na alikuwa na akili zake timamu.

Sikulala jana kwa furaha. Niandikie siku hiyohiyo.

Bedan


Kitengela,
10 Mei 1998

Baba Wanjira,

Ulisema nikuandikie siku hiyohiyo, sikuweza.

Sista alikuja asubuhi. Ni mwanamke mdogo wa mwili, amevaa gambuti za mvua, Kiswahili chake ni cha Ukambani kabisa, akanisalimia kama mtu wa kwetu. Nilikuwa nimepiga veranda deki, nimetoa vile vikombe vya wageni. Nikamwonyesha Mama alipokuwa amekaa, uani kwa kile kiti chake. Nikaenda jikoni nikafunga mlango, kama tulivyozoea.

Nilisikia Sista akimsalimia. Halafu nikasikia Mama anatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, na maneno yakaanza kumtoka mbio, mpaka yanagongana. Sista anajibu, Mama anaongea, Sista anajibu. Kisha Mama akalia. Mwalimu, nataka ujue nilikuwa nafikiria nini wakati ule. Nilikuwa nasikia wivu. Nilisema, ona, sisi miaka yote hii, na huyu wa juzi ndiye anasomewa kitabu.

Baadaye sana Sista akaingia jikoni. Zile daftari zako ziko kwapani, hazijafunguliwa. Akaniuliza Mama ameongea hivi tangu lini. Nikamwambia tangu Julai. Akaniuliza, "Na ninyi mlikuwa mnamjibu nini?"

Nikamwambia hatumjibu. Nikamweleza sheria, kwamba Mama akiwa kazini hakuna mtu wa kumsemesha, kwamba alituomba mwenyewe, kwamba tulifunga hata kikao. Nilimweleza nikijivuna kidogo. Alivuta kile kigoda cha kusongea ugali akakaa.

Hakuna kitabu, Baba Wanjira. Hakuna hata sentensi moja. Mama ana ugonjwa wa kusahau, na Sista anasema lugha za ukubwani ndizo huenda kwanza, Kiswahili na Kiingereza vyote vimeenda, kimebaki kile cha utoto. Hajui hapa ni wapi. Anafikiri amekaribishwa kwa nyumba ya watu fulani, na hao watu ni wazuri, wanampa chakula na kumfulia, lakini wamemnunia. Mwaka mzima anauliza hii nyumba ni ya nani. Anauliza kuna mtu. Akija jikoni akinishika mkono alikuwa ananiuliza amenikosea nini. Sista alinipa maneno yenyewe: "Anasema kama mtamwambia kosa lake, ataomba msamaha."

Na wakati ule wote mimi niko hapo, nakata sukuma.

Nilimuuliza dawa, akasema hakuna. Nilimwomba asiandikie Margriet. Nilipiga magoti, Mwalimu, kwa sakafu ya jikoni. Nikamwambia tulimwahidi hatatolewa hapa. Akaniinua, akasema ahadi ni kitu kikubwa, lakini Mama hakumbuki tena kama aliiomba, na anahitaji mtu wa kumjibu kila siku, si Jumamosi moja. Akanifundisha maneno mawili. "Ik ben hiya," hiyo ni niko hapa. Na lingine la kusema hujakosa kitu. Nimeyarudia usiku kucha mpaka Nzula ameyashika.

Wewe ndiye katibu na wewe pia ulimwahidi. Njoo. Sista amesema atangoja mpaka mwisho wa mwezi ndiyo amwandikie Margriet. Labda tukikaa sote hapa, wewe, mimi, Irungu, tukajifunza hiyo lugha hata kidogo, atakubali Mama abaki. Nimetuma mtu kwa Metito pia. Amehamia Isinya na ng'ombe.

Njoo tu. Usilete kitu.

Kaveke


Kajiado,
7 Juni 1998

Mama Nzula,

Nisamehe kuchelewa. Mitihani ya katikati ya muhula, na mkuu wa shule yuko Nairobi, nimeachiwa kila kitu.

Nimeifikiria sana barua yako. Sista ni mtu wa zahanati. Maisha yake yote ameona wagonjwa, kwa hiyo akimwona mtu anaona ugonjwa. Hajawahi kuishi na mwandishi. Sasa nifuate polepole. Mwanamke yuko katika nyumba asiyoijua. Wenyeji wanamlisha lakini hawamsemeshi. Anauliza kosa lake na hakuna anayemjibu. Kaveke, je, kama hicho ndicho kitabu?

Soma tena ulivyoniandikia mwenyewe. Ni mambo mazito kuliko vyote vinne alivyoandika. Hakuna anayeweza kusema vile kwa bahati tu, mwaka mzima, bila kuchoka. Nakuomba umwite Sista tena, aandike neno kwa neno, bila kumkatiza Mama na majibu. Ukimjibu unakiharibu.

Kuja siwezi kwa sasa. Nikiweza nitakuja Agosti, shule zikifungwa.

Bedan


Kitengela,
2 Agosti 1998

Mwalimu,

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka. Sikuijibu kwa sababu kila nilichotaka kukuambia kilikuwa matusi, na wewe ni baba ya mtu.

Usije. Mama ameenda. Margriet alifika katikati ya Julai na jana ndiyo waliondoka.

Nataka ujue vile ilikuwa hiyo miezi. Nilimjibu. Kila aliponiuliza nilimwambia maneno yangu, niko hapa, hujakosa kitu. Siku ya kwanza alinishika uso kwa mikono yote miwili, akafurahi mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza mambo mengine, mengi, haraka haraka, na mimi sina kitu kingine cha kumwambia. Nikamwambia niko hapa. Akauliza tena, nikamwambia hujakosa kitu. Tulienda hivyo siku nyingi. Mwisho nikaona ameanza kuniangalia vile unaangalia mtu ambaye akili hazimtoshi, unamhurumia lakini unaacha kumwongelesha. Akaacha kuniuliza. Irungu alijaribu pia, alikuja na aproni yake ya damu akasimama mbele yake akasema "ik ben hiya" kwa sauti ya bucha. Mama akamwogopa. Irungu alienda akakaa nyuma ya nyumba akalia kama mtoto.

Metito hakurudi. Mtu niliyemtuma alisema mzee ameuliza kama ruhusa imetoka kwa mwenye nyumba.

Margriet si mtu mbaya. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia. Aliingia, akasema neno moja, na Mama akainuka kutoka kwa kile kiti akamkimbilia. Anafikiri ni dadake aliyekufa. Waliongea siku tatu bila kunyamaza, asubuhi mpaka jioni, na Mama akanenepa machoni petu. Nilimwonyesha Margriet mahali tulikubaliana, upande wa ua. Nikamwambia Mama alitaka kuzikwa hapo. Alitembea pale, akaangalia, akaniambia kwa Kiingereza kwamba anaelewa, lakini shangazi yake bado hajafa na hawezi kumwacha hapa akingoja kufa bila mtu wa kuongea naye. Na wewe hukuwepo.

Jana asubuhi nilimvalisha mimi. Nilimfunga ile kanga yake ya maua juu ya sweta, nikamchana nywele. Irungu alikuja, Caro alikuja. Tukasimama mstari pale getini, na hakuna aliyejua tuage kwa lugha gani. Mama alimpatia kila mtu mkono, vizuri, kama mtu anayetoka kwa nyumba ya wageni. Aliponifikia akasimama, akaniambia maneno marefu, akiwa ameshika mkono wangu. Nikamwomba Margriet anitafsirie. Margriet alikuwa analia, akaniambia nisimlazimishe. Nikamwambia nimekaa mwaka mzima bila kuelewa, leo nitaelewa.

Akaniambia, "Anakushukuru kwa kumpa mahali pa kulala. Anasema hajawahi kujua aliwakosea nini, lakini chochote kile, mumsamehe."

Nikamwambia Mama mwenyewe, kwa mdomo wangu, lile neno alilonifundisha Sista, kwamba hajakosa kitu. Nilimwambia na tena nikamwambia. Margriet akamrudishia vizuri, ili asikie kutoka kwa mtu wa lugha yake. Mama akanitazama, akaitikia kwa kichwa vile mtu huitikia akiambiwa maneno ya adabu tu, akanipigapiga mkono, akaingia garini.

Kaveke Mulei